Mikono Yangu Imejifunza Kuotesha Ndevu

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Ruring'u, mjini Nyeri, na mikono yangu haijajua kazi nyingine tangu nilipomaliza shule. Kwa miaka mingi nilisuka ili nilipe kodi na karo, nikafunga mlango jioni bila kufikiria zaidi ya hapo. Leo natoa ushuhuda kwamba kazi hiyohiyo imenifanya mtu mwingine. Kilichonigeuza ni ndevu: zile za kubandika wanazovaa waigizaji jukwaani. Katika kujifunza kuzitengeneza zifanane na za kweli, nilijifunza kumtazama mtu, na nikaanza kuielewa historia ya mahali nilipozaliwa.

Nieleze kwanza nilikotoka. Watoto wa Ruring'u tulikua tukiujua uwanja wetu kwa mambo ya kila siku: mechi za kandanda, mikutano ya siasa, krusedi za alasiri. Darasani tulifundishwa kwamba Desemba 1963, siku chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa tarehe 12, wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja huo, na Jomo Kenyatta akaja kuwapokea. Tuliandika hivyo kwenye mtihani, tukapewa alama zetu, yakaisha. Sikuwahi kujiuliza watu hao walionekanaje walipoingia pale. Walikuwa wa umri gani? Nywele zao zilikuwaje? Mama zao waliwatambua?

Aliyeniletea maswali hayo ni mwalimu wa drama wa shule moja ya wasichana. Mnajua ilivyo katika shule za wasichana: chifu ni msichana, padri ni msichana, askari na babu ni wasichana pia. Na mnajua ndevu zinavyotengenezwa katika michezo ya shule zetu. Mpiganaji anapakwa masizi kidevuni, mzee anabandikwa pamba. Babu wa pamba akiingia jukwaani, ukumbi unacheka kabla hajafungua kinywa. Mwalimu huyu alikuwa akiandaa mchezo kuhusu miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, na ndani yake kulikuwa na kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni. Alikuwa amechoka na kicheko kile.

"Dada," aliniambia, "wewe unaishi na nywele. Nitengenezee ndevu ambazo hakuna atakayezicheka."

Nilikubali kwa sababu nilihitaji pesa, na kwa sababu nilidhani nywele ni nywele. Nilipokaa chini kuanza, niligundua kwamba sikujua ndevu zinaota vipi. Nimezaliwa na kulelewa katikati ya wanaume wenye ndevu, lakini kama ungeniuliza zinaanzia wapi shavuni, zinaelekea upande gani chini ya kidevu, mvi zinatangulia mahali gani, ningenyamaza. Basi nikaenda kwa kinyozi aliye jirani yangu, nikamwomba ruhusa nikae pembeni nitazame tu.

Pale ndipo mabadiliko yalipoanzia. Niliona kwamba ndevu hazianzi kwa mstari. Zinaanza na unywele mmoja hapa na mwingine pale, kisha zinakaribiana, kisha zinashikana. Niliona kwamba za mashavuni zinateremka, ilhali za chini ya kidevu zinakuja mbele. Masharubu yanagawanyika chini ya pua, na katika ule mfereji mdogo wa katikati nywele ni haba. Niliona kwamba ndevu za watu wetu hazining'inii. Zinajikunja na kulala karibu na ngozi, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ndevu nyingi na bado ukaiona taya yake. Rangi nayo si moja. Hata kijana ana nyuzi za kahawia ndani ya nyeusi, na kwa wazee wengi niliowatazama kidevu kilikuwa cheupe kitambo huku masharubu yangali meusi. Wakorino wanaopita hapa mtaani na vilemba vyao vyeupe, ambao wembe haugusi nyuso zao, walinionyesha ndevu zilizoachwa zikafika mwisho wake: huwa nyembamba nchani, wala hazimalizikii mahali pamoja.

Siku moja mzee mmoja aliyekuja kunyolewa aliniona nikimkazia macho.

"Mwanangu, unatafuta nini kidevuni mwangu?"

"Guka, natafuta mahali ndevu zako zinapoanzia."

Akageuza kiti, akaelekeza uso dirishani ili nione vizuri. Nikachukua daftari nikachora. Alipojua ni kwa ajili ya mchezo wa Mau Mau, alinisimulia habari za kaka yake mkubwa aliyeingia msituni akiwa kijana asiye na kitu usoni. Aliporudi nyumbani alikuwa na ndevu na nywele zilizosokotana hadi mabegani, na mama yao alisimama mlangoni akamkatalia. Alimtambua kwa sauti. Mzee alisimulia hayo huku ametulia kabisa mwili mzima, asije akaniharibia mchoro.

Niliporudi saluni nilikuwa na kazi tofauti na ile niliyoondoka nayo. Nilielewa kwamba ndevu humwambia mtazamaji mtu amelala wapi. Mpiganaji wa Nyandarua au wa Mlima Kenya aliishi bila kinyozi. Nywele na ndevu zake ni miezi na miaka ya msitu. Aliyetiwa kizuizini alinyolewa na wenye kambi. Kichwa na uso wake vinaonyesha kwamba mwili wake haukuwa wake tena. Ngati, wale askari wa vijijini waliokuwa upande wa serikali, alikuwa na wembe, sabuni na kioo. Masharubu yake yamekatwa sawasawa. Hapa Nyeri wajukuu wa watu hao wote wanakaa dawati moja. Ukiwapaka wote masizi yaleyale, umewafuta wote kwa pamoja.

Na Kimathi mwenyewe? Wengi wetu tunaijua picha moja ya kukamatwa kwake. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi akakamatwa, na waliomkamata wakampiga picha akiwa amelala kwenye machela, mikono imetiwa pingu, nywele zimesokotana. Picha ile ilisambazwa ili watu waamini kwamba yamekwisha. Mwezi uliofuata alihukumiwa hapahapa Nyeri, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walipoandika tamthilia yao ya Kiingereza kuhusu kesi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1976, walimtoa kwenye machela wakamsimamisha aseme. Kazi yangu, kwa kiasi chake kidogo, ilikuwa ileile: kuzichukua ndevu za mtu aliyelazwa chini na kumvika anayesimama.

Mwalimu alitaka nitie mvi kidogo, shujaa apate heshima. Nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilipiga hesabu. Kimathi alizaliwa Oktoba 1920. Alinyongwa akiwa na miaka 36. Miaka 36! Nina wateja wa umri huo ambao bado wanaitwa vijana kanisani. Nilimwambia mwalimu kwamba mvi zingekuwa uongo, naye akakubali mara moja. Tumezoea kuwazeesha mashujaa wetu, labda kwa sababu tunawaona kwa macho ya wajukuu. Ndevu zake zilipaswa kuwa nyeusi tii, na pengo dogo mashavuni, maana uso wa mwanamume wa umri huo mara nyingi haujajaa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu najua kuna mwalimu au kijana wa kikundi cha maigizo anayesoma hapa na anaihitaji.

Katika kumbi za Ulaya na Marekani mafundi wametumia kwa muda mrefu sufu iliyosukwa kwenye nyuzi, na gundi ya utomvu wa mti ulioyeyushwa kwa spiriti. Mtaani kwangu sikuvipata. Nilikuwa na vitu vya saluni, na hivyo vilitosha. Kwa ndevu ndefu nilitumia nywele za kusukia aina ya kinki. Nilizikata vipande, nikavizungusha kwenye vijiti vyembamba, nikavichovya katika maji ya moto kama tunavyofanya kwenye ncha za braids, nikaviacha vipoe; vikatoka na mkunjo uliokaza. Nywele za plastiki hung'aa chini ya taa na kujisaliti, kwa hiyo nilizipaka poda kidogo nikazisugua mpaka mng'ao ukafa. Kwa ndevu fupi hakuna kinachoshinda nywele za kweli. Kinyozi jirani alinikusanyia za wateja walioridhia, nikazifua kwa maji ya moto na sabuni, nikazikausha, nikazikata tena mpaka zikawa unga.

Gundi nilitumia ile ya kubandikia wigi, na pembeni ile ya kope. Supa gluu na gundi ya mbao zikae mbali na uso wa mtoto. Zinachuna ngozi, na supa gluu inaweza kuunguza. Hata gundi ya saluni nilimpaka kila msichana tone ndani ya mkono siku moja kabla, kwa sababu gundi nyingi za kope zina mpira ndani yake, na wapo watu ambao ngozi zao hazivumilii mpira. Aliyewashwa nilimtafutia nyingine.

Siku ya kazi, uso unasafishwa kwa sabuni na maji, unakaushwa, mafuta yote yanatoka. Kisha unaanzia chini ya kidevu na kupanda juu. Ni sawa na kuezeka nyumba: huanzi kileleni mwa paa, unaanza ukingoni chini, ili kila safu ifunike mizizi ya safu iliyotangulia. Unapaka gundi sehemu ndogo tu, unangoja mpaka inate ukiigusa. Unachukua nywele kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, unakata ncha yake kwa mshazari, unaigusisha gundi kwa ncha ile pekee, halafu unaikandamiza kwa kitambaa chenye unyevu, usiikandamize kwa kidole kitupu maana kidole kitaondoka nazo. Safu ya kwanza inaelekea mbele. Ya kidevuni inateremka. Za mashavuni zinapungua kadiri unavyopanda, na kule juu kabisa unaweka nywele chache mojamoja, kisha unagusagusa kwa sifongo chenye rangi ya kahawia iliyokoza ili ngozi ionekane ina vinyweleo vinavyotaka kutoka.

Masharubu unayaweka kwa nusu mbili, ukianzia pembe za mdomo kuja katikati, na ule mfereji wa chini ya pua unauhurumia. Muda wote huo unamwambia mwigizaji afungue kinywa, aimbe, ataje maneno yake. Taya inasonga, ukimbandika akiwa amefumba mdomo, sentensi ya kwanza itang'oa kazi yako. Kwa sababu hiyo sharafa nilizibandika mbali na ndevu za kidevu, nikaziunganisha kwa nywele nyepesi zinazoweza kunyumbulika. Mwisho unachana polepole zisizoshika zianguke, unakata kwa mkasi usoni palepale, na unapaka poda kila mahali gundi inapong'aa.

Kwa wale waliohitaji ndevu za mtu ambaye hajanyoa kwa siku chache, nilipaka gundi nyembamba sana, nikangoja, kisha nikapuliza ule unga wa nywele kwa brashi laini. Ukikaa kiti cha mbele huwezi kujua.

Kuvua nako ni kazi ya heshima. Huvuti. Unalainisha kingo kwa mafuta ya nazi au ya watoto, unangoja, unainua polepole, unaosha, unapaka losheni. Mtoto aliyechunwa uso leo hatakubali kuguswa kesho.

Nilimaliza uso wa msichana aliyecheza Kimathi nikamgeuzia kioo. Hakucheka. Alijitazama, akainua kidevu, mabega yake yakashuka, na sauti aliyoitoa ilitoka chini zaidi kuliko ile niliyoizoea. Kisha akaniuliza maswali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyakosa shuleni: huyu mtu alilala wapi usiku kabla ya kukamatwa? Alikuwa na watoto? Alinyolewa kabla ya kupelekwa mahakamani? Mwalimu alivuta kiti, na mazoezi ya siku hiyo yakageuka somo la historia. Mchezo ulipoonyeshwa, mshtakiwa aliingia na hakuna aliyecheka. Watu walimsikiliza mpaka mwisho.

Tangu hapo sijarudi nilikokuwa. Nilianza kutafuta picha za zamani, kusoma, kuuliza. Katika kusoma huko nilijifunza jambo lililonitisha: kwamba ufundi huu uliwahi kutumika katika misitu yetu kwa nia nyingine. Wakati wa vita vile, maafisa wa Kiingereza kama Frank Kitson na Ian Henderson waliendesha magenge bandia, wakiwatumia wapiganaji waliokamatwa, na baadhi ya Wazungu walijipaka weusi usoni wakaingia msituni wakijifanya Mau Mau ili wapiganaji wawakaribie. Kumbe uso wa kubandika unaweza kumuua mtu. Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Kabla sijagusa uso wa mtu yeyote nauliza: huyu unayemwigiza ni nani, ana umri gani, anaishi wapi, na unataka watu wamfanyie nini? Kikundi kikitaka ndevu za kumdhihaki mzee au kabila la mtu, naweka mkasi chini.

Kazi imeongezeka. Krismasi na Pasaka makanisa ya hapa, mpaka Karatina na Othaya, yanahitaji Yusufu, Petro na Ibrahimu, na wamechoka na pamba. Februari inaniletea kazi za namna mbili. Tarehe 18 tunamkumbuka Kimathi. Tarehe 22 ni siku ya kuzaliwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyeishi Nyeri miaka yake ya mwisho, akafa hapa Januari 1941 na kuzikwa hapa. Masharubu yake ni somo jingine kabisa: nywele zilizonyooka, nyeupe, zinazoenda pembeni. Nimejifunza pia kufunga unywele mmojammoja kwenye wavu mwembamba kwa sindano ya ndoana. Msusi aliyezoea krosheti haoni ugeni, ila anahitaji subira ya siku nyingi. Lakini ndevu za wavu huvaliwa, zikavuliwa, zikahifadhiwa hadi onyesho jingine. Wasichana wawili wanajifunza kwangu, na wanalipwa kwa wanachofanya.

Hata hivyo, fedha si kiini cha ushuhuda huu. Zamani mzee akipita mlangoni pangu nilimsalimu bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa nilichokuwa nikisuka. Siku hizi namwona. Naona kovu ambalo ndevu zimekataa kulifunika, naona upande alioanza kuota mvi, na mara nyingi namwita aketi tuongee. Nimesikia habari za Ruring'u ambazo hazimo katika kitabu chochote nilichosomeshwa, kutoka kwa waliokuwa msituni, waliokuwa kambini, na watoto wa ngati ambao nao wamebeba mzigo wao kimya. Namshukuru Mungu kwamba alinipa mikono kwanza, kisha akanifungua macho nikiwa bado nina nguvu za kuitumia.

Ninachowaomba walimu na viongozi wa vikundi ni hiki. Pamba iacheni hospitalini. Kabla hamjabandika chochote, mpelekeni mwigizaji kwa mtu halisi aliye karibu na umri wa mhusika, akae naye, amwombe ruhusa, amchore. Mjue mwaka aliozaliwa mhusika na mahali alipolala, kisha mchague rangi na urefu. Mpimeni mtoto gundi siku moja kabla. Na wazee waliobaki wa kizazi kile wanapungua kila mwaka. Wanaoweza kutuonyesha nyuso hizo zilivyokuwa bado wako kwa vinyozi na vibarazani mwetu wiki hii. Nendeni mkawatazame sasa.